Kurasa Nane

Kitabu cha nne kilikuwa na jalada la boksi la majani ya chai.
Mwalimu Skolastika alilishona kwa uzi wa gunia,
ndiyo maana kwa miaka miwili niliamini
Nyamizi, mlina asali wa Ugalla,
ndiye yule mwanamke wa boksini
anayemimina chai bila kutazama kikombe.

Vilikuwa saba, kabatini, shuleni kwetu Isevya,
na zamu ilifuata daftari:
wiki moja, jina, sahihi, ukikichana utaleta kuku.
Cha nne hakuna aliyekiletea kuku.
Kurasa nane za mwisho ziliondoka kabla yetu.
Walisema zilifungia karanga stesheni,
zikapanda treni ya Mpanda,
zikasomwa huko, au zikarushwa dirishani na maganda yake.

Basi Nyamizi akabaki juu ya mti,
kijinga cha moto mkononi, mto umefura chini,
na mdogo wake Lugoye ng'ambo ya pili akiita.
Mstari wa mwisho: Akashusha mguu mmoja na
Na.
Mimi na kaka yangu Kapela tuliligombania hilo "na"
kuliko tulivyowahi kugombania ukoko.
Yeye: aliruka. Mimi: tawi lilikatika.
Cha tano kinaanza kiangazi cha mwaka mwingine,
Nyamizi anachechemea,
na humo kitabuni hakuna anayeuliza kwa nini.

Sasa Mihayo, mwanangu, miaka tisa,
mtoto anayeikimbia aya kama anakimbia siafu,
amerudi navyo kutoka maktaba:
Nyamizi wa katuni, rangi tele, kila ukurasa madirisha.
Nikamwambia, huyu siye.
Nyamizi ana mwanya. Huyu meno yamebanana
kama abiria wa daraja la tatu.
"Kwani kitabuni iliandikwa ana mwanya?"
Nikakumbuka, nikakumbuka.
Haikuandikwa popote.
Mwanya ulikuwa wa Kalunde, binti wa fundi baiskeli.
Nilimwazima jirani meno, sikuwahi kuyarudisha.

Halafu kuna punda.
Kila ukurasa, pembeni, nyuma ya mzinga, nyuma ya kichuguu,
punda mdogo wa kijivu asiyetajwa na mtu.
Mihayo alimwona siku ya kwanza.
Mimi nilikuwa nasoma viputo vya maneno.

Usiku umeme umekatika, tukakifikia cha nne
kwa tochi ya simu.
Mti. Moshi. Mto.
Nikashika ncha ya ukurasa,
miaka thelathini na moja kwenye kidole gumba kimoja,
nikafunua.
Maji.
Nikafunua. Maji, na ndala moja.
Nyuki wanarudi. Mkono, au mzizi.
Hakuna neno, hata lile "chubwi!" wanalopenda wa katuni.
Nilizipita mbio nikitafuta jibu.
"Mama, hujasoma."
"Hakuna maneno."
"Ndiyo. Soma."

Akanirudisha nyuma, akakishika kidole changu
akakitembeza gizani polepole,
mpaka pale tawi lilipo, au lilipokuwa:
pale pale limezibwa na sikio la punda.

Nikahesabu. Nane.
Nikahesabu tena.
Mchoraji huyu, sijui kwao ni wapi.
Huenda naye kuna kabati alilosubiria zamu,
kuna karanga aliwahi kuzilaani.

Nikampigia Kapela, Urambo,
yuko banini anachunga moto wa tumbaku.
"Nimemaliza cha nne."
Kimya. Kuni zinapasuka.
"Usiniambie," akasema.
Kisha, kama mtoto: "Aliruka, sivyo?"
Na Mihayo, bila kuinua kichwa:
"Mwambie kuna punda."