Mikono ya Kituku

Jina lake ni Deni. Baba Akilimali alinikopa
bakuli sita za sambaza, akanilipa mtoto wa mbwa
mwenye tumbo kubwa na sikio moja lililosimama.
Mwaka wa pili akaanza kujikuna.

Kwanza tulisema ni viroboto. Nikamwogesha mafuta ya taa,
Mungu anisamehe, akalia usiku kucha.
Halafu tukasema ni mlima: ule moshi,
lile vumbi jeusi linaloingia hata ndani ya chumvi.
Jirani akasema karogwa.
Nani amroge mbwa wa muuza samaki?

Vetirineri Katungu hakusema kitu. Alimfunua kwapa,
akanusa sikio kama mtu anayenusa maziwa ya jana,
akakwangua ngozi kwa wembe, akainamia hadubini.
"Viroboto hakuna. Upele wa wadudu hakuna.
Anakula nini?"
Tunachokula sisi.
"Basi wiki nane: viazi vitamu na sungura.
Si ukoko, si mfupa, si mchuzi.
Mzio hauonekani, mama. Tunauondolea viti
kimoja kimoja, mpaka ukose pa kukaa."

Sungura! Watoto wangu hawajawahi kumla sungura.
Walisimama wakimtazama Deni anavyotafuna.
Nikagawa: nyama yake, supu yetu.

Wiki ya tano usingizi ukarudi nyumbani.
Sikusikia tena ukucha ukipiga ubao wa mlango.
Manyoya yakaota tumboni, laini, kama ya ndama.

Ya nane, Katungu akasema: "Sasa mrudishie sambaza.
Mmoja kwa siku. Bila hivyo hatujui, tunabahatisha."

Nilimshika samaki kwa vidole viwili,
mdogo kuliko kidole changu cha mwisho,
yeye aliyelipa kodi, madaftari,
kila msumari wa bati lililo juu yetu.
Deni akammeza bila kutafuna,
akanishukuru kwa mkia.

Siku ya tatu, saa tisa usiku:
kwaru, kwaru,
ubao wa mlango.

Siku hizi nikitoka Kituku napita kwanza kwenye pipa.
Sabuni, ndimu, majivu, sabuni tena.
Yeye hangoji nimalize. Anakuja mbio juu ya makoro,
nami nasimama, mikono juu,
kama mtu aliyekamatwa barabarani,
namwambia subiri, baba, subiri,
bado nanuka.