Pembamba

Shemeji yangu Orville amesema arobaini na tano.
Amesema kinywa kimejaa mkate wa mahindi:
nguvu za farasi arobaini na tano, Verna,
chini ya hapo ni kitu cha watoto kuchezea.
Ukubwa wa pua, nilitaka kumwambia,
halafu nikaiona pua yake, nikaimeza methali.
Hajawahi kufyeka kilima hiki. Nyasi zake mjini
shuka moja ingezifunika, na ingebaki ya kukunja.

Wendell Cogar wa dukani hakutaja namba.
Aliuliza ekari. Saba, nikamjibu,
tano za kufyeka, mbili za msitu usionitaka.
Akauliza mteremko. Nikainua kiganja,
nikakiinamisha kama paa la kanisa letu.
Akafuta vidole vyenye grisi kwenye suruali.
"Rudi nyumbani," akasema, "uchukue utepe.
Usipime shamba. Pima panapobana."

Basi Jumamosi, ukungu ungali bondeni
kama maziwa yaliyosahauliwa bakulini,
nikatoka na utepe wa Delbert, ule wa njano,
unaorudi ndani kwa hasira na kuuma kidole.

Lango la barabarani: futi kumi na mbili.
Hapo hata Orville angepita,
na farasi wake wote, na maneno yake.
Mlango wa banda: futi saba kwenda juu,
na ule upinde wa chuma nyuma ya kiti,
unaokukinga mashine ikikubwaga,
unataka saba na nusu, ila ule wa kukunjwa.
Usiukunje kilimani, Wendell alisema.
Alisema mara mbili.
Daraja la mbao juu ya kijito sikulipima kwa utepe.
Nilisimama katikati nikarukaruka,
mjane wa miaka sitini na minane, viatu vya mpira,
likalia kama mlango wa pishi.

Lile kuukuu la Delbert tulilinunua kwa ajili ya ng'ombe.
Ng'ombe wakauzwa, lenyewe likabaki,
zito, likichimba mifereji kila Mei
iliyoshika maji hadi vyura wakahamia.
Alipita nalo mteremkoni kwa ubavu,
ameegemea upande wa juu
kama mtu anayeunong'oneza mlima usimwangushe.
Nami dirishani, sahani ileile mkononi,
naiosha, naiosha.
Haukumwangusha. Alifia jikoni, akivua soksi.

Kamba hukatikia pembamba.
Kule juu, penye makaburi ya kina Stalnaker,
kati ya jiwe la mama mkwe na jiwe la Delbert,
nilipiga magoti nikavuta utepe:
inchi hamsini na nane.
Nikavuta tena, nikiukaza kidogo kwa udanganyifu.
Hamsini na nane.
Nilitaka zifike sitini na ushee. Deki ya sitini
hulimaliza shamba kwa asubuhi moja, kijitabu kinaapa.
Lakini mama mkwe hakunipisha hata inchi mbili
alipokuwa hai. Leo ataanzia wapi?

Jioni, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniuliza:
ekari tano ni za nani?
Delbert alipenda zionekane toka barabarani,
zimenyolewa kama shingo ya askari.
Barabarani siku hizi hupita gari la posta
na binti wa kina Hinkle, macho kwenye simu.
Nikalichorea mstari bonde la chini.
Lirefuke. Wendell ana mpwa mwenye mashine ya majani makavu;
atakuja mara moja, Julai, na yale majani achukue.
Zikabaki mbili na nusu.

Farasi ishirini na watano, basi.
Matairi mapana, yametanuliwa kadiri yanavyokubali,
yametiwa maji yawe mazito chini.
Upinde wa kukunjwa, ambao sitaukunja ila bandani.
Deki ya hamsini na nne,
na mdomo wake wa kutemea nyasi nitauinua nikifika kule juu.

Orville amepiga simu: umechukua ngapi?
Nimemwambia inchi mbili upande wa mama yako,
mbili upande wa ndugu yako.
Kimya. Nikamsikia akitafuna.
Halafu akauliza ni la rangi gani.