Makadirio ya Miaka Mitatu

Fomu ya benki ina masanduku matupu.
Gwantwa wa dirisha la mikopo
ameyazungushia kalamu nyekundu:
"Jaza faida utakayopata, Bi Mwantumu.
Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu."
Nimekuja nayo nyumbani, Barabara ya Kumi na Nne,
nimeikunjua juu ya cherehani,
daftari la gari ubavuni.

Daftari nalijua, halina makuu.
Jumatatu: hesabu elfu themanini, imeletwa sitini na tano,
Kombo kaandika "mvua".
Jumanne: themanini kamili.
Jumatano: hakuna, bushi za mbele.
Alhamisi gari lilikwenda Muheza
na jeneza la mama yake Shekalaghe, dereva wangu.
Hapo sikuandika kitu.
Ungeandika nini?

Haya, mwaka wa kwanza.
Naanza na dizeli, maana ndiyo inayoanza na mimi.
Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi
redio inataja bei,
nami nazima jiko nisikie vizuri
kama mzazi anayesubiri majina ya waliofaulu.
Ikipanda, nauli haipandi nayo;
nauli ina wenyewe, na wenyewe wana vikao.
Ikishuka... ilishuka lini vile?
Ilishuka shilingi sita,
na siku ileile tairi likapasuka Pongwe.

Msimu wa machungwa niuweke.
Wenye magunia hulipia mzigo
baada ya kunitukania kondakta kidogo tu.
Niweke na shule zikifungwa. Niweke Maulidi.
Halafu kuna bodaboda wa Kange,
na kati yao yumo Mbaraka, mwanangu wa kuzaa,
anayewanyakua abiria mlangoni mwa gari la mamaye
na usiku anakuja kula kwangu, anaongeza mchuzi.
Huyu nimwandike wapi, Gwantwa?
Kwenye mapato au kwenye matumizi?

Wanasema akiba haiozi.
Waliosema hawakuwahi kununua betri.

Mwaka wa pili.
Kampuni ya mjini italeta basi refu lenye kiyoyozi,
na maji ya chupa, na tiketi za kwenye simu.
Au haitaleta.
Barabara itafumuliwa ijengwe upya,
au itafumuliwa tu.
Kuna mlango wa bahari huko mbali, mwembamba,
mafuta yote hupita hapo, kasema mtangazaji;
wakubwa wakinuniana, unazibwa.
Sijauona, wala sitauona,
lakini ukizibwa huko
ni tangi langu linalolia hapa Ngamiani.

Mwaka wa tatu nimekaa nao mpaka taa ya jirani ikazimwa.
Nimefikiri kuuza gari.
Nimemfikiria atakayelinunua,
naye atakaa hivihivi na fomu yake.
Nimefikiri saa kumi na moja alfajiri,
Shekalaghe anavyopiga starta mara mbili, ya tatu inawaka,
na mwalimu wa Mkanyageni tayari kasimama gizani, begi kifuani,
hajawahi kuuliza kama nimepata faida.
Bei yake ni ipi, huyo kusimama?

Nikaandika: Inshallah.

Asubuhi Gwantwa kaisoma, kacheka bila ubaya.
"Mama, hapa panataka tarakimu.
Hata ndogo. Kompyuta haipokei maneno."
Nikaichukua ile kalamu yake nyekundu.
Tarakimu. Ninayo moja ninayoweza kuiapia
mbele ya meneja na mbele ya Mungu.
Nikaandika ishirini na tisa.

"Ishirini na tisa nini? Milioni?"
"Viti."

Kisha nikakumbuka kile cha nyuma, cha dirishani,
kipo kwa fundi wiki ya pili,
nikakata,
nikaandika ishirini na nane.