Treni ya Saruji, Kahe

Saa kumi na moja, kabla muadhini wa Pasua
hajakohoa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti,
nimekwisha funga kamera ndani ya kanga ya mama,
nimewasha pikipiki, nashuka Kahe,
baridi inanidai magotini.

Kazi yangu ni nyuso. Elfu nne, picha sita,
kitambaa cha bluu nyuma, masikio yaonekane,
usicheke, baba, paspoti haitaki meno.
Siku sita nawapiga watu walionyooka.
Ya saba nataka kitu kisichonisikiliza.

Stesheni walisema "asubuhi,"
na asubuhi ya reli ni ndefu kuliko ya watu.
Nakalia kokoto. Nagusa chuma: bado baridi, bado bubu.
Miaka ile reli ilipolala
mbuzi walizalia katikati ya mataruma,
shangazi Ndeonansia alianika mahindi juu yake,
na walevi waliifanya njia ya kurudia nyumbani
kwa kuwa haina kona.

Mlima leo umetoka.
Wote: Kibo na weupe wake uliopungua,
Mawenzi na meno yake,
umesimama wazi kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Saa kumi na mbili na nusu, mlima upo, treni haipo.
Saa moja, mlima upo, treni haipo.
Kijana wa mbuzi, Lembris, amenizunguka mara mbili.
"Unapiga nini?"
"Treni."
"Ya watu?"
"Ya saruji."
Anafikiri. Anatema jani.
"Saruji ipo dukani," ananiambia, "na haikimbii."

Saa moja na robo wingu likaanza kupanda kutoka msituni,
likamla Mawenzi, likaparamia Kibo,
polepole, kama mpishi anayefunika sufuria.

Ndipo chuma kikatetemeka chini ya kiganja.

Kisha honi. Kisha moshi mweusi juu ya miwa.
Kisha kichwa kilichochubuka rangi, kikihema,
na mabehewa kumi na tisa yenye vumbi la Tanga mabegani,
na ardhi ikanipanda hadi kwenye fizi.
Nikabonyeza. Nikabonyeza.
Dereva akatoa mkono dirishani; mkono niliupata.
Nyuma yake hapakuwa na mlima,
palikuwa na weupe mtupu uliotandazwa,
kama kitambaa changu cha studio, kasoro bluu.

Niliitundika hivyo hivyo ukutani,
kati ya bwana harusi wa Kiboriloni na mtoto wa kipaimara.

Wiki ya tatu akaingia mtu ananuka dizeli.
"Jina?"
"Shekimweri. Wa Korogwe."
Nikamkalisha mbele ya bluu. Kidevu juu kidogo.
Hakutulia. Macho yalinipita begani.
"Hiyo ni Kahe," akasema.
Akainuka, akasogea mpaka pumzi yake
ikatia ukungu kwenye kioo cha fremu.
"Hiyo ni yangu."

Mwaka wa sita huu naivuta, akasema.
Mlima nikija uko kulia, nikirudi uko kushoto,
nazijua korongo zake kama mfuko wa shati langu.
Ila hii sijawahi kuiona.
Ikipita.

Akahesabu mabehewa kwa kidole, midomo ikichezacheza.
Kwenye la kumi na nne kidole kikasimama.
"Hili, breki zilikamata pale Kifaru.
Dakika arobaini tumelala chini yake, mimi na fundi."

Dakika arobaini.
Nikataka kumwambia kilichokuwepo nyuma yake
kabla hajafika, wazi, bila hata uzi.
Akautazama ule weupe.
"Ulikuwepo," akasema, kana kwamba nimeuliza.

Akarudi kitini, akakaa, bado anajiona anapita,
na nilipobonyeza
meno yote yalikuwa nje.
Ilibidi turudie mara nne.