Uhusiano na Marehemu

Nilijisifu kwa kile kisanduku.
Euro ishirini na saba na senti arobaini,
tiki moja chini ya bei, na pembeni kwa wino mwekundu:
ukishalipia chumba hiki, fedha hazirudi.
Nikajiambia, Leelo, mwaka huu umekuwa mtu mzima.
Siku sita Funchal, dirisha linalotazama malimau,
huku Tartu theluji imefunika magurudumu ya magari
na jua ni mgeni anayeaga kabla ya chai.

Masharti niliyasoma usiku, baada ya zamu ya eksirei,
kama nisomavyo mifupa: nikitafuta ufa.
Ukivunjika mguu, wanalipa. Bomba likipasuka nyumbani, wanalipa.
Ukibadili nia, hapana.
Ukifiwa, wanalipa.
Sikuuliza, ukifiwa na nani.

Heldur wa chini alikufa Jumatano,
koleo mkononi, njia ameisafisha nusu.
Nusu hii nyeusi, lami tupu.
Nusu ile nyeupe, haijaguswa.
Miaka kumi na tisa aliamka saa kumi na moja alfajiri
ili sisi wa ghorofani tusiteleze,
akimwaga majivu ngazini, akimtukana meya.
Ufunguo wangu wa akiba aliutundika kwenye msumari,
karibu na picha ya mbwa aliyekwisha kufa.
Wanawe wako Perth. Tiketi ni ghali, dada,
unaweza kutusaidia kidogo?
Nikasaidia. Nikamchagulia suti,
nikakuta kila mfuko una pipi za mnanaa.
Nikaghairi Funchal.

Fomu ilikuwa na adabu. Ilinipa pole
kabla haijajua nimempoteza nani.
Kisha ikafungua orodha: mwenzi, mzazi, mtoto,
ndugu wa tumbo moja, babu, bibi, mkwe.
Nikashuka na kidole, nikapanda, nikashuka tena,
kama mtahiniwa anayetafuta jina lake ukutani.
Jirani hayumo.

Nikapiga simu. Akapokea kijana, Tanel, sauti ina mafua.
"Hakuwahi kuwa baba yako wa kambo?"
Akanyamaza. Akarudia, polepole zaidi,
kama mtu anayeshikilia mlango kwa mguu
ili mwenzake apite bila kuonekana.
Nikaziona euro mia sita na kumi na nne
zimesimama upande wa pili, zimevaa kofia za jua.
Nikasema hapana. Si kwa ucha Mungu.
Siku moja ulimi uliteleza nikamwita baba,
akanijibu, "Baba ni cheo. Mimi nafagia tu."

Ulibaki mstari mmoja: Mengineyo. Herufi thelathini.
Nikaandika: alikuwa na ufunguo wangu.

Jibu likaja Jumatatu, viatu bado vina udongo wa makaburini.
Wanasikitika. Halikukidhi vigezo.
Mjomba niliyemwona mara mbili, mara zote amelewa,
angenirudishia kila senti.

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na ukimya.
Mahali fulani kitanda changu kimetandikwa,
taulo zimekunjwa, hakuna aliyelala.
Nikavaa buti, nikashuka.
Koleo lilikuwa mlangoni, mpini umelika
kwa kiganja kipana kuliko changu.
Nikaanzia upande ule aliouacha.

Sasa mgongo unaniuma.
Hilo nalo nimeliangalia. Halimo.