Mjomba Anatafsiri

Fundi wa Chikongola ameokoa mikanda mitatu kati ya saba.
Minne imeliwa na ukungu, kasema,
hajui kwamba kasema mara mbili:
ukungu wa kwenye mkanda,
na ukungu wa kwetu Newala unaopanda alfajiri kutoka Ruvuma
ukaingia mpaka sandukuni.

Basi tumekaa, mimi na Somoe, sebuleni kwa mama,
mbele ya runinga bapa ya korosho za mwaka jana,
tunamtazama tena yule jasusi.

Suti ya zambarau. Nywele hazitikisiki
hata akitupwa kutoka ndegeni.
Kitana chake ni redio, kifungo cha shati ni bomu,
na akifunga mlango ukuta mzima unayumba
maana ni boksi, Mjomba. Boksi lililopakwa rangi.
Yule mamba aliyetukosesha usingizi wiki nzima
ana zipu tumboni.
Somoe kacheka mpaka chai imemtoka puani.

Mimi nilinyamaza kwa jambo jingine.

Miaka ile Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu ya darasani.
Ulisimama kando ya kioo na kijiti cha muhogo,
jenereta likikohoa nyuma ya ukuta wa udongo,
kiingilio shilingi ishirini au kibaba cha korosho,
ukatuambia kila neno.
Adui mwenye jicho la chupa ni mnunuzi wa kangomba, ulisema,
kaficha mizani ya ushirika chini ya Shimo la Mungu
ili tani ya Newala isizidi kilo mia tisa.
Yule dada wa buti nyeupe
ni binti wa Kitangari, kasomea mambo yake Urusi.
Na steringi alipombusu
ulikatiza mbele ya kioo, umetandaza mikono:
"Hapa wanapatana bei ya maji."
Ndoo siku hizo ilikuwa ghali. Tuliamini.

Sasa nafundisha Kiingereza kidato cha tatu.
Sasa nasikia.
Jasusi anaomba kinywaji.
Adui anasema ataitawala dunia, hasemi aifanyie nini.
Dada wa buti nyeupe, vipindi vyote vitatu,
anasema "jihadhari" mara kumi na moja, nimehesabu,
na jina hana.
Wewe ulimwita Asumini Mchopa.
Ulimpa mama mgonjwa, ukampa na deni,
ukampa ile hotuba ya darajani
iliyomliza Bi Nangumbi muuza togwa
akarudi kesho yake na watoto wake sita, akalipa wote.

Darajani hawasemi kitu.
Ni tarumbeta tu,
na daraja lenyewe ubao juu ya viti viwili.

"Alitudanganya," nikasema.
Nilisema kama mwalimu anayesahihisha,
kalamu nyekundu nusura niitafute mfukoni.

Somoe akachukua rimoti, akazima sauti.
Akairudisha picha nyuma mpaka kwenye ubao.
Akabana pua kidogo, akaanza kwa sauti yako:
"Enyi watu wa mizani! Mlichopunja
usiku, mchana kitawa... kitawa..."
Akakwama.
Nikaongeza maneno mawili, nami nikakwama.
Asumini kasimama pale juu ya viti,
mkono hewani, mdomo wazi,
na sisi wapwa zako wawili hatuna cha kumpa.

Nyuma yetu mama anachambua choroko.
Tangu magharibi hajainua uso kutoka kwenye ungo.
"Kitawatoka," akasema, "kwa mlango uleule kilioingilia."
Akatupa jiwe dogo nje ya dirisha.
"Kaka yangu alikuwa na sauti. Maneno alikuja kuyachukua kwangu jikoni,
kila Jumamosi, kabla hajawasha jenereta.
Na lile la bei ya maji pia ni langu.
Haya, endeleeni."

Somoe akabonyeza.
Kwenye kioo jasusi akafungua mdomo,
akaufunga,
akamtazama mama.