Mguu wa Kushoto

Walikuja Hombolo na gari la kukodi,
kamera moja, spika mbili, jenereta linalokohoa.
Debora akaimba mstari uleule mara kumi na moja
katikati ya safu za mizabibu,
visigino vikizama mchangani.

Wimbo wenyewe ulikuwa na kasi mbili.
Ngoma ilikimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni.
Besi ilipita chini, nzito, treni ya mizigo
usiku pale Ihumwa, unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio.
Na juu yake sauti ya Debora, isiyo na haraka,
sauti ya mtu anayekunja kanga
akijua aliyeinunua harudi.

Sijui Nasoni aliviunganishaje
katika kile chumba cha Chang'ombe,
magodoro ukutani, feni imezimwa isije ikarekodiwa.
Alisema tu: vikigombana, viache.

Mama hakuwa kwenye mpango.
Alitoka bondeni na ndoo ya zabibu kichwani,
akakatiza nyuma ya mwimbaji kama mtu apitaye kwake,
na ni kwake.
Goti lake halikunjiki tangu mwaka wa ile mvua:
anakanyaga, anasita, anavuta, anakanyaga.
Kijana wa kamera akataka kumsimamisha.
Nasoni akamshika mkono.

Sekunde nne.
Ndizo zilizosafiri.

Sasa Nkuhungu, Kikuyu, stendi ya Nanenane,
watoto wa shule wanakanyaga, wanasita, wanavuta.
Bwana harusi mmoja wa Mpwapwa ameingia ukumbini hivyo,
suti ya kijivu, wapambe nyuma yake,
wote wakichechemea kwa furaha.
Mtindo wanauita kigoti.

Nilikasirika. Niliandika hotuba nzima kichwani
kuhusu maumivu ya watu na burudani ya watu,
kuhusu dawa ya kuchua inayokwisha kabla ya mwezi.
Nikampelekea simu, ili tukasirike wawili.

Mara ya kwanza alitazama kimya.
Mara ya pili akailaza simu juu ya paja,
palepale alipokuwa akibana muheme
kabla goti halijamtoa kwenye mstari wa wenzake.
Vidole vikaanza.
Sauti ya Debora hawakuijali,
waliifuata ngoma, vile vidole, kama mbwa anayejua njia ya shamba,
wakaifikia, wakaipita kidogo, wakaingoja.
"Wameiharakisha," akasema,
"lakini naijua inakokwenda."

Kisha akairudisha video nyuma
kwa kidole chenye wekundu wa zabibu,
akawatazama wale watoto, akamtazama bwana harusi,
akacheka mpaka akashika ukuta.

"Waambie wanakosea mguu.
Ni wa kushoto.
Na ile ndoo waliyoimaliza siku ile, wakitema mbegu uani kwangu,
mwambie Nasoni
bado hajanilipa."